Kipande Kisicho na Jani

Wiki iliyopita walikuwa wakichimba mtaro wa bomba la maji mbele ya ofisi yetu pale Same mjini, na harufu ya udongo uliopinduliwa ikaingia dirishani. Haukuwa ule udongo mkavu wa Same tunaoujua, unaoshinda ukipeperuka na kutua kwenye chai za watu. Huu ulikuwa umetoka chini, mweusi, wenye mizizi iliyokatwa na ubichi unaokaa kooni. Niliweka kalamu mezani. Wenzangu walidhani nimepokea habari ya msiba, maana nilikaa nimeinua pua kama mbuzi aliyenusa mvua. Kwa kweli nilikuwa mbali nao. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nimesimama ndani ya mfereji, matope yamenifika magotini, na nina hasira ambayo mpaka leo sijaitubu.

Hasira hiyo ndiyo nataka kuwasimulia. Maisha yangu yote nimeambiwa kwamba nina mihemko. Shuleni waliniandikia hivyo kwenye ripoti, na mkuu wangu wa kwanza wa kazi aliniita pembeni akanishauri nijifunze utulivu kama nataka siku moja niwe kiongozi. Nilimsikiliza na nikajifunza, na mbele mtaona kwamba nilifaulu kupita kiasi. Lakini kwanza mjue nilikotoka.

Kwetu ni juu, milima ya Upare ya kusini, mahali ambapo ukisimama uwanjani mwa kanisa unaiona barabara ya lami kule chini tambarare, na malori yanapita bila sauti. Mvua zetu ni za kubahatisha, kwa hiyo waliotutangulia walituachia ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe. Maji ya mfereji yanakusanywa humo usiku kucha, na asubuhi yanafunguliwa yaende shambani kwa mwenye zamu. Mfereji ukiziba ndiva haijai, na ndiva isipojaa, maharage ya kiangazi yanabaki kuwa mbegu zilizotupwa. Ndiyo maana tulikuwa na msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji. Jioni pembe ilipulizwa kutoka mgongoni mwa kilima, sauti nzito yenye kukwaruza, na kila nyumba ikajua kwamba kesho jembe lake moja lazima liende.

Mwenyekiti wa ndiva alikuwa Mzee Elinazi. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alivaa koti la kijivu lililofungwa vifungo vyote hata jua likiwaka. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Akina mama walimtumia kutukemea sisi watoto: mbona Mzee Elinazi hapigi kelele, mbona yeye hanuni. Siku moja nyuki waliingia kanisani, watu wazima wakatokea madirishani na nguo zao za Jumapili, naye akabaki peke yake kwenye benchi mpaka akamaliza sala yake. Alitoka na sikio moja limevimba, akatusalimia kama kawaida. Hadithi hiyo ilisimuliwa mpaka vijiji vya jirani, na nadhani ndiyo iliyompa uongozi kuliko kitu kingine chochote.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Asubuhi alipima mfereji kwa fimbo na kukata vipande, kila nyumba kipande chake. Ukimaliza kulima kipande, unachomeka jani la isale ukingoni, lile jani refu la kijani tunalopanda kwenye mipaka ya mashamba. Alasiri Mzee Elinazi alitembea kutoka juu mpaka chini, akichomoa majani. Nyumba ambayo jani lake amelichomoa imehesabiwa. "Kisicho na jani hakikulimwa," alikuwa akisema, na watu walilirudia neno hilo kwa kicheko hata kwenye mambo mengine, mpaka mume akichelewa kurudi nyumbani.

Mwaka ule mama yangu aliteleza akikata majani ya ng'ombe, akavunjika mkono, wakamfunga plasta hospitali. Baba alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko tambarare, akipanda kuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Pembe ilipolia, mama aliutazama mkono wake, akanitazama mimi, na mimi nikasema nitakwenda. Mpini wa jembe lile ulinizidi kimo. Mama alinifunga kanga kiunoni kwa mkono mmoja na meno, akanipa kiazi kilichochemshwa, akaniambia nisisahau kuwaamkia watu.

Kipande chetu kilikuwa jirani na cha Mama Eliamini, mjane mmoja mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya bonde. "Leo wanaume wamekuja," alisema aliponiona, na nikamchukia kwa muda wa kama dakika mbili. Kisha nikalima. Nilitoa majani yaliyooza, nikatoa matope kwa mikono pale jembe liliposhindwa, nikang'oa jiwe ambalo naamini lilikuwa pale tangu babu zetu. Viganja vilitoa malengelenge, malengelenge yakapasuka, maji ya mfereji yakayachoma. Nilipomaliza, kipande changu kilikuwa safi kuliko cha Mama Eliamini, na mwenyewe alikiri. Nikatoka, nikanawa miguu, nikaenda kukaa na watu kwenye ndiva kungoja mkutano, nimejaa fahari.

Sikuchomeka jani. Sikuwahi kwenda msaragambo kabla ya siku ile, na lile neno la jani nililijua kama mzaha tu wa watu wazima. Mama kwa maumivu yake hakukumbuka kunielekeza, na Mama Eliamini, alivyoniambia baadaye, alidhani nimechomeka.

Mzee Elinazi alisimama juu ya ukuta wa ndiva akataja nyumba zilizokosa. Ya kwanza, ya pili, kisha nikasikia: nyumba ya Mama Nakiete. Nakiete ni mimi. Kukosa kulikuwa na maana moja tu, kwamba zamu yetu inayofuata amepewa mwingine, na maharage yetu ndiyo kwanza yalikuwa yakitoa maua. Hata mtoto wa mlimani anajua kwamba maharage yakikosa maji wakati wa maua hayana tena haja ya maji.

"Nililima," nilisema.

Mama Eliamini naye akasema, "Ni kweli, mzee. Nilikuwa pembeni yake tangu asubuhi."

"Sikuuliza nani alikuwa pembeni ya nani," alijibu Mzee Elinazi kwa upole. "Jani liko wapi?"

Watu wakacheka kidogo. Nikamwomba aende akaone. Alinitazama kwa tabasamu lake lile la kanisani na kusema kwamba ameshapita, ameona, na kile kipande hakikulimwa. Hapo ndipo neno liliponitoka. Angesema nimekosea utaratibu ningelia tu, kwa sababu nilikuwa nimekosea. Lakini alisema hakikulimwa, huku malengelenge yananiwaka viganjani. Nikasimama nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote kwamba yeye ni mwongo, mzee mwongo, na nikarudia mara tatu ili hata walio mbali wasikose.

Hamwezi kujua ukimya uliofuata kama hamkukulia kwetu. Kumwita mtu mzima mwongo, mbele ya watu, na mwenyewe ni mtoto wa darasa la tano! Vyura wa ndivani ndio waliosikika peke yao. Mzee Elinazi hakubadilika hata uso. Kwa sauti ileile ambayo mtu anamwita mtoto aje kunywa chai, alisema nimwambie mama yangu aje nami msaragambo ujao. Nitasimama mbele ya watu niombe radhi, na niseme kwamba kipande hakikulimwa, yaishe. La sivyo zamu zote za nyumba yetu zitasubiri mpaka mvua.

Nyumbani mama aliniuliza swali moja tu: ulilima? Nikamwonyesha viganja. Nilipomweleza habari ya jani, alijipiga kipaji cha uso kwa mkono wenye plasta, na kwa muda tukawa na majeruhi wawili wa mkono na kichwa katika mtu mmoja. "Jani! Mimi ndiye sikukuambia," alisema. Akachochea moto mpaka chungu kikachemka. Kisha akasema, polepole, kwamba nitaomba radhi kwa kupiga kelele na nitaomba radhi kwa kumwita mzee mwongo, kwa sababu hayo nilifanya. Nitasema pia kwamba sikuchomeka jani. Kuhusu kulima, alisema, nijibu ninavyojua mwenyewe.

Kwa wiki nzima nilifanya mazoezi ya radhi hiyo mbele ya ng'ombe wetu. Alikuwa msikilizaji mzuri ila alikuwa akipiga chafya mahali pabaya.

Siku ilipofika tulikwenda mama na mimi, yeye na plasta yake, mimi na jembe. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida, nadhani wengine walikuja kunisikia. Nilimwamkia Mzee Elinazi, akaitikia marahaba. Nikaomba radhi kwa kelele. Nikaomba radhi kwa lile neno. Nikasema sikuchomeka jani kwa kuwa sikujua. Sauti ilitetemeka lakini ilifika.

"Vizuri," alisema. "Sasa malizia."

"Nililima."

"Malizia, mwanangu."

"Nililima, shikamoo," nilisema, kwa hofu, na watu wakapasuka kwa kicheko.

Ni kicheko kile kilichomshinda. Mzee Elinazi, wa nyuki na wa benchi, alipiga ukuta wa ndiva kwa fimbo mpaka ikavunjika. Kiswahili chake cha kanisani kilimtoka akaingia kwenye Kipare, maneno ambayo sikuwahi kuyasikia kinywani mwa mtu aliyevaa koti. Alisema nyumba yetu haina kichwa. Alisema mengine siyaandiki. Nilimwangalia nikiwa nimeshangaa zaidi kuliko kuogopa. Kumbe hasira alikuwa nazo siku zote. Ilikuwa tu hakuna aliyewahi kumwambia hapana.

Alijifunga tena kifungo kilichofunguka, akahema, akarudi kwenye upole wake. Hakunitazama mimi tena. Alimgeukia mama. "Mama Nakiete, wewe ni mtu mzima. Mwambie mtoto aseme neno moja, maji yaje. Maharage yako nimeyaona."

Watu wote walimtazama mama. Wengine walimtikisia kichwa wakimsihi akubali, na walikuwa na huruma ya kweli, kwa sababu walijua tukipata maji tutakula nini na tusipopata tutakula nini. Mama alinitazama muda mrefu. Nilingoja aniambie. Nakumbuka vizuri kwamba nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Nakiete," alisema, "chukua jembe twende nyumbani."

Maharage yalikauka. Sitawaficha wala sitawapambia. Maua yalidondoka kwanza, kisha majani yakawa na rangi ya karatasi ya kufungia sukari, na ukipita katikati ya mistari yalikwaruza miguu. Mama Eliamini alituletea ndoo ya maji kila jioni alipoweza, nasi tulimwaga ya kuoshea vyombo, na kwa njia hiyo tuliokoa mistari miwili ya karibu na jiko. Baba alipokuja alizunguka shamba lote, akarudi, akaomba chai. Mwezi uliofuata alikuja na gunia la mihogo begani. Makande yetu ya mwaka ule yalikuwa mahindi matupu, na punje ya maharage ikionekana kwenye sahani mdogo wangu alishangilia.

Mama hakunisema hata siku moja, na hilo ndilo lililonitesa. Niliamini amenikasirikia kiasi cha kukosa maneno. Asubuhi moja nilimwambia nitakwenda kwa Mzee Elinazi kusema anachotaka. Alinisogezea ungo wa mahindi akaniambia nipukuchue. Mahindi yalikuwa mengi, nikapukuchua mpaka mchana, na wazo likaniishia mikononi. Kwa miaka mingi baadaye niliibeba hatia hiyo: kwamba kinywa changu kiliwanyima wenzangu chakula, na kwamba mama aliniacha na kinywa changu kwa sababu alichoka nacho.

Sasa nije kwenye kufaulu kwangu. Ninafanya kazi kwenye ghala linalonunua tangawizi ya wakulima wa milimani, na miaka mitatu iliyopita nilipewa uongozi wa ghala, watu saba chini yangu. Nilijua watu wanasema mwanamke mwenye mihemko hawezi. Basi nikawa mtulivu. Nilipunguza sauti, nikajifunza kutabasamu kabla ya kujibu, nikavaa hata koti.

Mwaka jana mzigo mkubwa ulioza kwa sababu lori lilichelewa kuagizwa. Kwenye kikao nilisema mkaguzi wetu, kijana anayeitwa Bahati, hakunijulisha kwa wakati kwamba tangawizi imeanza kupata ukungu. Bahati aliruka kutoka kwenye kiti. "Nilikuambia Jumatatu, bosi! Nilikuambia pale mlangoni!" Alipiga kelele na kugonga meza. Nami, kwa upole, nilimwambia atoke nje apunge upepo, akirudi tuongee kama watu wazima. Kesho yake nilimtaka aandike barua ya kuomba radhi kwa kelele zake, na aandike pia kwamba hakunijulisha. Ana mke na mtoto mchanga. Aliandika.

Nilikumbuka usiku wa siku ileile, nikiwa navua viatu, kwamba kweli aliniambia. Jumatatu, mlangoni, nikiwa kwenye simu. Nikaendelea kuvua viatu.

Tangu hapo Bahati hakuniambia jambo tena. Nikimuuliza hali ya mzigo anajibu sawa bosi. Nikimuuliza kama kuna tatizo, hakuna bosi. Wengine sita nao wakawa sawa bosi. Ghala likawa na amani kubwa, na wakubwa walinisifu kwamba nimekomaa. Mimi nilikuwa nanusa uozo kila nikipita kati ya magunia, na hakuna aliyejua kitu.

Ile siku ya mtaro, baada ya harufu ile ya udongo, sikuweza kufanya kazi. Jumamosi nikapanda kwa mama. Amezeeka, mkono ule bado hauinuki sawasawa. Nilimsaidia kuchambua mchicha, na nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza kwa zaidi ya miaka ishirini: kwa nini siku ile hakuniambia niseme lile neno moja? Ingekuwa rahisi. Mimi nilikuwa nangoja tu.

"Nilijua unangoja," mama alisema. "Nilikuona umefungua mdomo. Ningekuambia, ungetii." Aliendelea kuchambua. "Halafu ningerudi nyumbani na mtoto gani?"

Ndipo nilipofahamu kwamba hakuwa amenikasirikia. Alikuwa amechagua, mbele ya watu wote, akijua shamba litakufa, na uchaguzi wake nilikuwa mimi. Nilifahamu na lile la pili, ambalo lilinikaa vibaya zaidi: Bahati alitii. Mimi nilipata kila kitu alichokitaka Mzee Elinazi.

Jumatatu niliwaita wote saba. Nilisema Bahati aliniambia kwa wakati, mlangoni, na kwamba mimi ndiye niliyechelewesha lori. Nilisema nilikumbuka siku ileile na nikanyamaza. Nilisema barua yake nimeitoa kwenye faili, na yangu nimeshaipeleka kwa wakubwa, wafanye wanavyotaka. Sauti ilinikatika katikati, machozi yakatoka, mazito kabisa, mbele ya watu ninaowaongoza. Sikuyaombea radhi. Anayeona kiongozi haruhusiwi kulia akiwa amemkosea mtu, kazi hii aje aifanye yeye.

 Bahati alikuwa akitazama viatu vyake. Kisha akainua kichwa.

"Bosi," alisema, "yale magunia ya ukutani, ya nyuma kabisa, yameanza kuoza. Niliyaona tangu Alhamisi."